Nani Anakula Samaki Wanaotupwa?

Wiki hii naomba niwatoe kidogo kwenye mambo yetu ya bei na nauli.

Ipo kazi moja ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mtaalamu anasimama nyuma ya meli ya uvuvi katika Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norwe, mkononi ana samaki mmoja aliyekwisha kupimwa urefu. Anamtupa majini. Mwenzake anatazama: ndege gani kamdaka? Kammeza, au kamdondosha? Kanyang'anywa na mwingine? Wanaandika. Kisha anatupwa wa pili, na wa tatu, katika baridi ile.

Hao ni samaki wasiotakiwa na wavuvi: wadogo mno, au hawana soko. Sisi tunaonunua dagaa kwa fungu habari hiyo inatuuma. Lakini hesabu yenyewe ina mambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikadiria kwamba matumbo yanayotupwa huliwa na ndege karibu yote, asilimia 95. Samaki wa mviringo, kama asilimia 80. Samaki bapa, jamii ya gayogayo, asilimia 20 tu, maana upana wao haupiti kooni. Kwa jumla, vilivyokuwa vikitupwa vingeweza kulisha ndege wapatao milioni 5.9.

Sasa, kati ya mwaka 2015 na 2019 Umoja wa Ulaya ulianza kupiga marufuku utupaji huo, hatua kwa hatua: samaki wa aina zilizowekewa viwango washushwe bandarini. Nisieleweke vibaya, sheria hiyo naiunga mkono. Kumwaga chakula ni aibu. Ila ndege wale, waliozoeshwa kufuata meli kwa miaka mingi, waende wapi?

Jibu mojawapo lilikwisha kuonekana katika visiwa vya Shetland, Uskoti. Huko yupo ndege mkubwa wa rangi ya kahawia, mnyang'anyi wa kuzaliwa. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba samaki wa kutupwa wakipungua, na visamaki vya mchangani navyo vikiadimika, ndege huyo hakai akafa njaa. Huwageukia ndege wenzake, shakwe wadogo wakiwamo, akawala.

Utafiti huo ulitoka miaka 11 kabla ya marufuku kuanza. Ningependa kujua ni wangapi kati ya waliopitisha sheria waliousoma.