Nguvu mbili, njia moja

Wasikilizaji, boti ya mbao itokayo mjini Baraka, katika eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, ikishaizunguka rasi ya Ubwari, hukutana na Ziwa Tanganyika lililo wazi. Kiangazi, upepo kutoka kusini huisukuma ubavuni. Tuseme injini inaisukuma mashariki kwa nguvu ya nyutoni 400, upepo nao kaskazini kwa 300. Jumla si 700, bali 500, tena upande wa kaskazini-mashariki. Ndiyo maana nahodha mzoefu huielekeza boti kusini kidogo ya anakokwenda. Nguvu kama hizo ni vekta: zina ukubwa pamoja na mwelekeo. Katika sekondari za Fizi, somo hili hufundishwa kwa Kifaransa, ubaoni. Walimu, wapelekeni wanafunzi ufukweni. Atakayeielewa hesabu hii ataelewa pia kwa nini safari huahirishwa upepo ukizidi.