Sikukuu Inakuja: Nani Atakusaidia Kulinda Uzito wa Mwili?

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

(Kwa mwalimu: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya: uzito, mizani, kalori, shinikizo la damu, msaidizi. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

Natumaini mmekwisha kaa, na madaftari yenu yako mbele yenu. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulionea haya. Jambo lenyewe ni uzito wa mwili, na jinsi ya kuulinda wakati wa sikukuu.

Najua wengine wenu mnacheka. Mnasema, "Bwana huyu ana shibe. Sisi twatafuta chakula, yeye atufundisha kukikataa." Maneno hayo yana haki. Wako watu kati yetu wasiopata chakula cha kutosha. Lakini wako pia, mjini na hata shambani, watu ambao uzito wao umezidi mpaka unawadhuru. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 mtu 1 katika kila watu 8 duniani alikuwa na unene wa kupindukia. Basi jambo hili si la Wazungu tu, wala si la matajiri tu.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watu hao. Nitawaelezeni yaliyonipata.

Nilikwenda kliniki kwa sababu ya kichwa kuniuma. Mganga akanipandisha juu ya mizani, nikawa kilo 92. Akanipima urefu, nikawa mita 1.70. Kisha akapima shinikizo la damu, akaandika katika kadi yangu: 150 juu ya 96. Akaniambia, "Bwana, shinikizo hili ni kubwa. Ukipunguza hata kilo tano, moyo wako utapumua."

Nilirudi nyumbani, nikaificha ile kadi ndani ya kitabu. Sikumwambia mke wangu wala mama yangu. Niliona ni aibu kwa mtu mzima kusema kwamba ameshindwa na sahani. Nikaanza kujizuia kwa siri. Mchana nilisema nimekula kazini, na usiku nilisema nina usingizi. Baada ya miezi miwili nikapungua kilo tatu.

Halafu Idi ikafika.

Tulikwenda Pangani kwa mama yangu. Asubuhi tulikuta tambi za nazi na sukari, kaimati, na chai ya maziwa. Mchana ikaja pilau, na nyama, na soda. Nilikula sahani moja, nikasema, "Mama, nimeshiba." Mama akaitazama sahani, akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, siku hizi chakula changu hakikupendezi?" Shangazi yangu naye akamgeukia mke wangu, akamwuliza mbele ya watu wote, "Wewe mkaza mwana, mumeo mbona amekonda? Humpikii, au ana maradhi mnatuficha?"

Mke wangu akainamisha kichwa. Hakuwa na jibu, kwa sababu mimi sikumwambia kitu. Basi nikavuta sinia, nikala sahani ya pili, na ya tatu. Tukaenda nyumba sita za jamaa siku ile na siku ya pili yake, na kila nyumba nilikula ili mke wangu asisemwe. Niliporudi kliniki, kilo zote tatu zilikuwa zimerudi.

(Hapa mwalimu asimamishe redio kidogo. Awaulize wanafunzi: Je, nani alikosa katika habari hii? Mama, shangazi, au mwenyewe?)

Tuendelee. Kwanza tujue uzito unazidi vipi. Mwili ni kama ghala. Chakula kinaingia, na nguvu ya chakula hutumika katika kulima, kutembea, kuosha vyombo, hata kupumua. Nguvu hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho kalori. Ikiingia nyingi kuliko inayotumika, ile iliyobaki huwekwa akiba, na akiba hiyo ndiyo mafuta ya mwili.

Mafuta ya kupikia yana nguvu nyingi sana. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120. Mtu wa kilo 70 akitaka kuzitumia zote, itampasa atembee karibu kilomita mbili. Sasa fikirini kaimati zilizochovywa katika mafuta, kisha zikamiminiwa sukari.

Chukueni penseli, tufanye hesabu ndogo. Nyumba sita kwa siku moja, kila nyumba kikombe kimoja cha chai, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Sita mara tatu ni kumi na nane. Kijiko kimoja cha chai kina sukari kama gramu 4. Kumi na nane mara nne ni 72. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na yafaa zaidi isizidi gramu 25. Basi chai peke yake imekwisha kupita mpaka, na hatujahesabu tambi, wala kaimati, wala soda.

Huenda mtu akasema, "Sikukuu ni siku mbili tu, zitanifanya nini?" Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walitoa habari za watu wazima 195 waliopimwa kabla na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Kwa wastani kila mmoja aliongezeka gramu 370 tu. Lakini kwa jumla uzito ule haukutoka baadaye. Mwaka uliofuata, juu yake hupandwa mwingine. Hivyo mtu hanenepi kwa siku moja. Hunenepa sikukuu kwa sikukuu, naye hana habari.

Sasa tuje kwenye neno kubwa la somo letu, yaani msaidizi.

Mwaka 1961, katika mji wa New York, alikuwako mama wa nyumbani mmoja, jina lake Jean Nidetch. Uzito wake ulikuwa kilo 97. Kliniki ya mji ilimpa utaratibu wa kula, lakini yeye aliendelea kula biskuti kwa siri, akaona haya kusema. Siku moja aliwaita marafiki zake sita nyumbani kwake, akawaeleza siri yake. Kumbe nao walikuwa na siri kama hiyo! Wakakubaliana kukutana kila wiki. Mwaka 1963 mikutano ile ikawa kampuni, jina lake Weight Watchers, ikaenea katika nchi nyingi. Simtaji bibi huyu ili mtu akanunue kitu. Namtaja kwa sababu alianza kupona siku alipofungua kinywa mbele ya watu aliowaamini.

Nami nilifanya hivyo, ingawa nilichelewa mwaka mzima. Wiki mbili kabla ya Idi iliyofuata nilikwenda Pangani peke yangu, nimeichukua ile kadi. Mama yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni kama hili lenu. Nilimpa kadi mkononi. Akaisogeza mwangani, akasoma polepole: "Mia moja na hamsini juu ya tisini na sita." Akaniuliza maana yake, nikamweleza. Akanyamaza kitambo, maana kaka yake, yaani mjomba wangu, alikufa kwa kiharusi. Kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia? Mwaka jana nilikulisha maradhi, na mkeo nikamwacha asemwe bure."

Tangu hapo kazi hakuifanya tena mtoto wake, aliifanya yeye. Siku ya Idi alipika pilau ile ile, lakini alipunguza mafuta, akaongeza kachumbari. Sahani yangu aliipakua mwenyewe. Na shangazi alipokuja na sinia lake, mama akalipokea, akasema, "Huyu ameshakula kwangu. Daktari amempa amri, na amri hiyo ni yangu." Hakuna aliyebisha. Mimi ningesema maneno hayo ningeitwa mwenye maringo. Mama aliposema, yakawa sheria. Mwaka ule nilikwenda Pangani nikiwa kilo 88, nikarudi vile vile. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa kilo 84, na kadi yangu ikaandikwa 134 juu ya 86. Mpaka leo ningali nahudhuria kliniki.

Basi nawapeni mambo matano ya kufanya. Yaandikeni.

La kwanza: Jua uzito wako. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Mimi nilipata karibu 32. Kwa mtu mzima, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Hesabu hii si ya watoto, wala si ya mama mwenye mimba.

La pili: Chagua msaidizi mapema. Asiwe rafiki wa kucheka naye tu. Awe mtu mwenye sauti jikoni au mbele ya jamaa, kama mama, mke, mume, dada mkubwa, au nyanya. Mwambie ukweli kabla ya sikukuu. Siku yenyewe sinia limekwisha wekwa, na maneno yatageuka kuwa ugomvi.

La tatu: Usijiwekee shabaha kubwa. Wakati wa sikukuu usitake kupungua. Taka kutoongezeka tu. Kula sahani moja, anza na mboga na kachumbari, kunywa maji mahali pa soda, na onja kitamu kimoja unachokipenda kweli. Ukipewa chakula ukienda kwa watu, omba kifunikwe kwa kawa, wakipeleke kwa jirani au kwa watoto. Hivyo mwenyeji hakuvunjikiwa heshima.

La nne: Panda mizani mara mbili kwa juma, na mwonyeshe msaidizi wako. Huko Birmingham, Uingereza, watu 272 waligawanywa makundi mawili wakati wa Krismasi. Kundi moja liliagizwa kujipima angalau mara mbili kwa juma, likapewa mashauri ya kula, na kuonyeshwa mwendo unaohitajika ili kumaliza nguvu ya vyakula vya sikukuu. Habari zake zilitolewa mwaka 2018. Tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa karibu nusu kilo. Asiye na mizani nyumbani apime kiuno chake kwa utepe wa fundi cherehani.

La tano: Tembeeni pamoja. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Siku ya sikukuu mnakwenda kuamkia jamaa. Nendeni kwa miguu palipo karibu.

Na haya ninawakatazeni. Usinunue dawa ya kukondesha njiani kwa mtu usiyemjua. Usinywe dawa za kuharisha. Usishinde na njaa siku tatu ili ule sana siku ya nne. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mama mwenye mimba, na anayenyonyesha waonane na mganga kwanza. Na ikiwa mtu anapungua bila kukusudia, asifurahi. Aende hospitali.

Nimalizie kwa neno moja kwa ninyi mnaopika. Kwetu mtu akinenepa twasema amenawiri, na akipungua twauliza ana nini. Maneno hayo yametoka katika mapenzi, lakini yamewafunga watu wengi vinywa. Sikukuu ijayo, mgeni wako akisema ameshiba, msadiki. Usimwulize mkewe kosa lake. Mpe maji, mpe mkeka, mpe mazungumzo. Hayo nayo ni karamu.

 

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwenye kisa alikula sahani ya pili na ya tatu?
2. Nyumba tano, kila nyumba vikombe viwili vya chai, kila kikombe vijiko viwili vya sukari. Je, ni vijiko vingapi? Ni gramu ngapi?
3. Nani nyumbani kwako aweza kuwa msaidizi wako? Kwa nini umemchagua huyo?
4. Andika sentensi mbili utakazomwambia kabla ya sikukuu.
5. Nyumbani kwenu mgeni akikataa chakula, husemwa nini? Je, yafaa kubadili maneno hayo?