UCHAGUZI WA MASOMO KATIKA SKULI ZA SEKONDARI NA SAFARI YA KUELEKEA CHUO KIKUU

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa wa Elimu mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa Kidato cha Pili, kisiwani Pemba. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wananchi wote.)








  Jambo lililotuleta hapa ni uchaguzi wa masomo ambao watoto wetu wataufanya watakapoingia Kidato cha Tatu, na baadaye Kidato cha Tano. Jambo hili humalizwa kwa siku chache, juu ya karatasi moja, na mtoto wa miaka kumi na tano au kumi na sita. Lakini athari yake huendelea umri mzima.

Ndugu Wazazi, tarehe 23 Septemba, 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo, na tangu hapo mlango wa skuli uko wazi kwa mtoto wa kila mwananchi. Kwa muda mrefu, hata hivyo, kijana wetu aliyetaka shahada alilazimika kuvuka bahari. Leo vyuo vikuu viko hapa hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianza Tunguu mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha mwaka 2001. Kwa hivyo masafa si kizuizi kikubwa tena. Kizuizi kinachowarudisha nyuma vijana wengi ni kufika mlangoni na masomo yasiyokuwa yale yanayotakiwa.

Naomba nieleze utaratibu ulivyo. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita hupata alama katika masomo yake matatu makuu. Alama A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kiwango cha chini cha kuombea shahada, kwa mujibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni ufaulu katika masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4. Lakini pointi hizo hazitoki katika masomo yoyote tu. Kila programu ina masomo yake, na pointi huhesabiwa kutoka katika masomo hayo.

Tuchukue mfano wa wanafunzi wawili. Wa kwanza amepata A katika Kiingereza, B katika Historia na B katika Kiswahili: jumla pointi 13. Wa pili amepata C katika Kemia, C katika Baiolojia na D katika Fizikia: jumla pointi 8. Wote wawili wanataka udaktari. Wa kwanza, pamoja na wingi wa pointi zake, hawezi hata kuomba, kwa sababu udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Wa pili anaweza kuomba na kushindana na wenzake. Tofauti yao haikuanza Kidato cha Sita. Ilianza siku ile mmoja wao alipoiacha Fizikia na Kemia, pengine kwa sababu rafiki yake ameziacha, au kwa sababu alisikia kuwa ni masomo magumu.

Masomo haya, Ndugu Wanafunzi, yamefungamana kama mnyororo. Tahasusi ya Kidato cha Tano hujengwa juu ya masomo uliyofaulu Kidato cha Nne, na yale ya Kidato cha Nne ni yale uliyoyachagua Kidato cha Tatu. Aliyeacha Kemia hawezi kuichagua PCB wala CBG. Aliyeacha Fizikia ameiaga PCM, na uhandisi kwa kawaida unataka Fizikia pamoja na Hesabati ya juu. Kwa hivyo anayesitasita na aliye na uwezo wa kuyamudu, nasaha yangu ni kuwa asiyaache mapema. Ni wepesi kutoka katika sayansi kwenda katika sanaa kuliko kurudi.

Nataka nitie mkazo juu ya Hesabati. Wapo wanaodhani kuwa mtu akishachagua sanaa au biashara basi Hesabati haimhusu. Sivyo. Programu nyingi za uchumi, uhasibu na biashara humtaka mwombaji ambaye hakusoma Hesabati ya juu aonyeshe kuwa amefaulu Hesabati katika Kidato cha Nne, au ile ya ziada ya Kidato cha Sita. Alama F ya Hesabati iliyopatikana kwa kupuuza humfuata mtu hadi kwenye dirisha la udahili.

Aidha, masomo ya ziada hayahesabiwi miongoni mwa masomo makuu. Masomo ya dini ni nuru na malezi kwa watoto wetu, na hakuna anayewaambia wayaache. Hata hivyo, zipo programu ambazo katika kuhesabu pointi haziyaingizi. Mwanafunzi anayelitegemea somo hilo kuwa moja kati ya mawili ya kumwingiza chuoni lazima aangalie kwanza programu anayoitaka inasemaje.

Ndugu Wazazi, nisifahamike kuwa nasema sanaa ni masomo ya walioshindwa. Mahakama zinahitaji mawakili, skuli zinahitaji walimu, na Serikali inahitaji watawala waliosoma Historia na Jiografia. Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Itakuwa ajabu sisi tukikiona kuwa ni somo duni. Ninachosema ni kuwa mtoto achague sanaa kwa kuipenda na kuiweza, asiingie humo kwa kuikimbia sayansi.

Kwa upande wa walimu, nina ombi moja. Zipo nyakati ambapo mwanafunzi wa wastani huondoshwa katika darasa la sayansi ili matokeo ya skuli yaonekane mazuri. Matokeo ya skuli hutangazwa mara moja kwa mwaka na kusahauliwa, lakini mtoto yule hubaki na khatima yake. Na ombi langu hili ni kubwa zaidi kwa watoto wa kike. Hospitali zetu zinahudumia mama na watoto kila siku, na wengi wa mama hao hupendelea kutibiwa na mwanamke mwenzao. Daktari huyo hatatokea kwengine isipokuwa katika madarasa yetu haya ya Kidato cha Pili.

Kwa wale ambao matokeo yao ya Kidato cha Nne hayatawafikisha Kidato cha Tano, njia haijafungwa. Mwenye ufaulu usiopungua masomo manne anaweza kupitia cheti na stashahada, na akimaliza stashahada kwa wastani wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada inayofanana na fani yake. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, Mbweni, ni moja kati ya milango hiyo. Na kwa wanaohofia gharama, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ipo tangu mwaka 2011.

Mwisho, naomba tukubaliane mambo matatu. Kwanza, kabla ya karatasi ya uchaguzi kurejeshwa skuli, mzazi akae na mtoto wake, amuulize anataka kuwa nani, na waangalie pamoja alama zake za miaka miwili iliyopita. Pili, wamuone mwalimu wa taaluma. Mwongozo wa udahili hutolewa kila mwaka na masharti hubadilika. Tahasusi nazo ziliongezwa mwaka 2024 zikafikia 65, kwa hivyo aliyosoma kaka yake si lazima yawe kipimo cha leo. Tatu, asiyejua kusoma karatasi hiyo asione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga, na skuli ni ya wananchi.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Watoto hawa bado wabichi, na karatasi bado hazijajazwa.