Mtori wa Nyumbani

Jioni hii nataka kunena habari za mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama ambayo Wachagga humpa mwanamke aliyejifungua.

Mke wangu alipojifungua hapa Pasua, mama yake alikuwa mbali, Tanga. Siku tatu nilinunua mtori katika mkahawa mmoja mjini Moshi. Ulikuwa mzuri sana, lakini ulifika nyumbani umepoa, na fedha zilikuwa zikinipungukia. Basi nikaazimu kuupika mwenyewe. (Wanaume wenzangu, msicheke.) Wa kwanza ulijaa mabonge. Wa pili ulikuwa mtamu kama uji wa sukari, maana ndizi zilikwisha anza kuiva. Mke wangu alionja kijiko kimoja, akageukia ukutani.

Ndipo nilipomwendea mama mmoja jirani, mzaliwa wa Kibosho. Akaniambia, “Mwalimu, tafuta mshare mbichi kabisa. Chemsha nyama pamoja na mifupa yake hata ilainike. Ndizi ukizimenya, zitie katika maji zisije zikawa nyeusi. Kisha zichemshe katika supu ile pamoja na kitunguu. Zikiiva, zitoe, uziponde zingali moto. Halafu rudisha supu kidogo kidogo, huku ukikoroga.”

Hapo ndipo palipokuwa na kosa langu: mimi nalikuwa nikizipondea ndani ya supu yote, na vipande vikaukimbia mwiko. Mwisho nikatia nyama iliyochambuliwa, chumvi na siagi kidogo.

Jioni ile mke wangu alimaliza bakuli zima, akaniuliza nimeununua wapi.