Ichiro Ogimura, Bingwa wa Mpira wa Meza

Leo tutazungumza habari za mtu mmoja wa nchi ya Japani, jina lake Ichiro Ogimura.

Kwanza tueleze mchezo wake. Mpira wa meza huchezwa juu ya meza yenye urefu wa sentimita 274. Katikati pamefungwa wavu mfupi. Wachezaji husimama huku na huku, kila mmoja na kibao chake, wakapigiana kimpira chepesi. Anayeshindwa kukirudisha, mwenzake hupata alama.

Ogimura alizaliwa mwaka 1932. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mama yake. Alianza mchezo huu shuleni mwaka 1948, akiwa na miaka 16. Wachezaji hodari wengi huanza utotoni, yeye alichelewa. Basi, alifanya nini? Alijizoeza kila siku, tena alikuwa na daftari. Humo aliandika mawazo yake juu ya mchezo, na jinsi ya kuongeza ustadi wake. Mnaona, wasikilizaji, kalamu ilikuwa chombo chake kama kibao.

Katika mtaa wa Kichijoji, mjini Tokyo, palikuwa na ukumbi mdogo wa mchezo huu. Mwenye ukumbi alikuwa mama mmoja, Hisae Uehara. Hapo ndipo Ogimura alipojizoeza. Mwaka 1954 alichaguliwa kwenda London kwenye mashindano ya dunia, lakini nauli ilikuwa kubwa, naye hakuwa na fedha. Mama Uehara na wenzake wakaenda kuchangisha watu njiani. Huyu akatoa kidogo, na yule kidogo. Haba na haba hujaza kibaba; nauli ikapatikana.

Huko Uingereza watu wengi walikuwa bado na uchungu juu ya Wajapani, maana vita vikuu vilikwisha mwaka 1945 tu. Ogimura alicheza mbele ya watu hao, akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1956, huko Tokyo, alishinda tena. Kwa jumla alipata ushindi wa dunia mara 12, akicheza peke yake, akicheza na mwenzake, na akiwa katika timu ya nchi yake.

Alipopata ujuzi hakuuficha. Alifundisha wachezaji wa nchi nyingine, hata Sweden, ijapokuwa wanafunzi wake wangeweza kuja kuwashinda Wajapani wenzake.

Mwaka 1987 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha dunia cha mpira wa meza. Sasa sikilizeni vizuri. Nchi ya Korea ilikuwa imegawanyika pande mbili, Kaskazini na Kusini, na pande hizo zilipigana vita toka mwaka 1950 hata 1953. Ogimura alikwenda mara nyingi huku na huku kuwasihi wakubwa wao waunde timu moja. Hatimaye walikubali.

Mwaka 1991, mjini Chiba, Japani, wachezaji wa pande zote mbili waliingia chini ya bendera moja, nyeupe, yenye ramani ya Korea kwa rangi ya buluu. Wanawake wao wakawashinda Wachina, ambao timu yao ya wanawake ilikuwa imeshinda mara nane mfululizo. Wakalia kwa furaha.

Mashindano yalipokwisha, waliagana, kila mmoja akarudi upande wake. Mpaka haukuondoka. Mchezo hauwezi kumaliza ugomvi wa serikali. Lakini watu walioambiwa kwamba ni maadui walikuwa wamefanya kazi pamoja, nao waliona kwamba inawezekana.

Ogimura alifariki mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 62.

Haya, fungueni madaftari. Zungumzeni kwanza, kisha andikeni majibu.

1. Ogimura alianza kucheza akiwa na umri gani?
2. Daftari lake lilimsaidiaje?
3. Nauli ya kwenda London ilipatikanaje?
4. Je, ilifaa kazi kuunganisha timu ya Korea, ijapokuwa nchi haikuungana? Toeni sababu zenu.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.