Nani Alifika wa Kwanza?



Leo tuzungumze juu ya neno moja linalochoma: "Hapa ni kwetu, sisi ndio wa kwanza." Mnalijua. Mwaka 1992 na 1993 neno hilo liliwafukuza watu wengi sana wenye asili ya Kasai kutoka Kolwezi na Likasi. Watoto waliozaliwa hapa wakaitwa wageni, wakalala stesheni wakingoja treni.

Basi tuulize: wa kwanza ni nani? Mbali na hapa, katika Kivu ya Kaskazini, pako mahali panapoitwa Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale. Alikuta mifupa mingi ya samaki, mawe ya kusagia, na chusa za mfupa, yaani mikuki yenye meno ya kuvulia. Alikuta pia mfupa mdogo wenye mikato ya safu 3. Leo umehifadhiwa Brussels. Ni vitu vya miaka kama 20,000 iliyopita. Watu wale hawakulima wala hawakufuga. Waliwinda na kuvua, wakakaa pale ziwani muda mrefu, kwa kuwa chakula kilitosha.

Walikuwa kabila gani? Hakuna awezaye kujibu. Makabila na falme tunazozijua zilikuja nyuma sana. Sisi sote, wa Lualaba na wa Kasai, tulikuta nchi iliyokwisha kukanyagwa na wengine.

Kwa hiyo, machifu, jamaa wawili wakigombea shamba, msianze na "nani wa kwanza". Ulizeni: nani analima, nani alimpa, mpaka uko wapi? Sikilizeni mashahidi wa pande zote mbili. Nanyi mliohama, ombeni ruhusa kabla ya kulima, na heshimuni makaburi ya waliowapokea.

Tena, mkichimba mkakuta vipande vya vyungu au mawe yaliyochongwa, msivunje, msiuze. Viacheni palepale, mwiteni chifu. Ni mali ya wazee wasio na jina, na kwa hiyo ni yetu sote.