Friji ya Kikundi: Tuangalie Kabla ya Kumwita Fundi

Leo tuzungumze juu ya friji.

Kikundi kimoja tunachotembelea kilinunua friji ya kuwekea maziwa ya kuuza. Barafu ikajaa kule juu, mama mmoja akachukua kisu kuibandua. Ikasikika “sss”, basi. Gesi ikatoka, na michango ya miezi mingi ikaenda nayo.

Barafu haitolewi kwa kisu, jamani! Ikifika unene wa nusu sentimita, chomoeni plagi, acheni mlango wazi, wekeni ndani sufuria ya maji moto, iyeyuke yenyewe.

Na friji isipopoza je? Kwanza jaribuni redio kwenye soketi ile ile, huenda ni stima tu. Halafu fungeni mlango juu ya kipande cha karatasi. Kikivutika bila kushikwa, ule mpira wa mlango ni mchafu au umechoka. Uosheni kwa sabuni. Tena nyuma kuna zile waya nyeusi za kutolea joto. Vumbi letu hili la barabarani likizijaa, mashine hunguruma mchana kutwa. Chomoeni plagi, mpanguse kwa brashi.

Stima ikipotea msifungue fungue mlango. Ubaridi hukaa kama saa 4.

Mkishafanya hayo bila kufaulu, mwiteni fundi. Akisema ataongeza gesi, mwambieni aonyeshe kwanza inapovuja. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa.